Mjomba, nitangaze kazi mpya au ninyamaze?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni binti wa miaka 28, naishi Dar es Salaam, kwetu ni Tanga. Nimesomea uhasibu. Kampuni yangu ya kwanza ilikuwa ya kutoa mizigo bandarini. Nilifanya pale miezi kumi na moja, wakapunguza watu, nami nikawamo. Baada ya hapo nikakaa miezi kumi na minne bila ajira. Sikukaa bure, maana dada yangu ana kibanda cha uwakala wa pesa Mbagala, nikawa namshikia: natoa pesa za watu, naweka, nauza vocha, jioni nafunga hesabu. Ila kwenye LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi, hilo sikuliandika. Kule nilijiwekea ile fremu ya kijani ya kutafuta kazi, nikawa natuma maombi usiku na mchana.

Sasa nimepata, namshukuru Mungu. Ni mhasibu msaidizi kwenye kampuni inayosambaza vifaa vya hospitali. Leo nina wiki tatu kazini. Mkataba unasema miezi sita ya majaribio.

Pale ofisini wana utaratibu wao. Mfanyakazi mpya anapewa kikombe chenye nembo ya kampuni, anapigwa picha amekishika, kisha watu wa masoko wanatengeneza kadi ya "Karibu kwenye familia yetu" na kuiweka LinkedIn pamoja na jina lake. Siku hiyohiyo mwenyewe naye anatakiwa aandike tangazo lake. Dada wa HR, yaani utumishi, ameniambia zamu yangu ni Ijumaa ya wiki ijayo, na anataka nimtumie maneno yangu Jumatano ayapitie.

Mama hataki kusikia. Nilipopata ile kazi ya kwanza alipika pilau, akaita majirani na wenzake wa kikoba. Nilipopunguzwa, walewale wakawa wanamuuliza sokoni, "Binti yako vipi, mbona tunasikia yupo kibandani Mbagala?" Safari hii amesema nikae kimya mpaka nithibitishwe kazini, watu wana kijicho. Kaka yangu anamcheka. Anasema siku hizi kazi usipoitangaza ni kama hujaipata, na wakubwa watanijuaje.

Tangazo nimeshaliandika. Niliandika kwa Kiingereza nikisaidiwa na programu ya akili mnemba, ila kwa Kiswahili linasema hivi:

"Nina furaha isiyo kifani kuwatangazia kwamba ninafungua ukurasa mpya kama Mhasibu Msaidizi katika kampuni yenye maono makubwa. Haikuwa safari rahisi. Milango mingi ilifungwa, na wapo walioniona sifai. Leo nasimama kuwaambia: msikate tamaa kamwe! Nawashukuru wote walioniamini. Niko tayari kujifunza, kukua na kuleta matokeo."

Chini nimeweka alama za reli (hashtag) saba na picha ya roketi. Hao "walioniona sifai" ni meneja wangu wa zamani. Bado tumeunganishwa kule na najua atasoma. Nataka asome.

Kuna jambo jingine dogo. Nina rafiki tuliyekuwa tunatafuta naye kazi. Tulikuwa tunatumiana matangazo, tunachangiana nauli na hela ya kutoa kopi. Kazi hii ndiye aliyenitumia tangazo lake. Tuliitwa wote usaili wa kuandika, tukapita wote, tukaitwa wa kuongea. Siku mbili baada ya mimi kupigiwa simu, aliniuliza, "Shosti, wale jamaa wamekutafuta?" Nikamwambia bado. Sikujua niseme nini. Tangu hapo akipiga mchana sipokei, jioni namwandikia kwamba nilikuwa kibandani na wateja. Nadhani ataona tu kwenye LinkedIn, itakuwa rahisi kwetu wote wawili.

Kwa hiyo Mjomba, nitangaze hiyo Ijumaa au nimsikilize mama? Tangazo langu likoje? Na nikikataa kikombe, HR si wataona sina shukrani?

Mwenye Kikombe, Dar es Salaam

*

Marahaba mpwa wangu, na hongera. Miezi kumi na minne si mchezo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona maswali yako matatu: mama, maneno ya tangazo, kikombe. Mara ya pili nikakwama pale ulipoandika "jambo jingine dogo". Nilifanya kazi ya utumishi miaka kumi na tisa kabla ya kustaafu, nikasoma barua za wafanyakazi mpaka macho yakaomba miwani, na nilichojifunza ni kuanza na kile ambacho mtu amekiita kidogo.

Rafiki yako ndiye aliyekutumia tangazo la kazi unayoifanya leo. Umeipitisha sentensi hiyo haraka, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.

Unadhani kitakachomuumiza ni kukosa. Kukosa kazi ameshazoea, kama ulivyokuwa umezoea wewe. Kitakachomuumiza ni kuhesabu. Ijumaa ataona kadi yenye jina lako. Atafungua ukurasa wako aone umeanza lini, maana LinkedIn huandika mwezi na mwaka. Halafu atarudi kwenye simu yake kuitafuta ile meseji ya "bado". Atazihesabu zile jioni ulizokuwa na wateja kibandani. Na atayajua haya yote akiwa peke yake na simu mkononi, huku watu mia mbili wakikuandikia hongera, na bila shaka mtandao ukimwuliza kama naye angependa kukupongeza.

Nina deni la aina hiyo. Nikiwa afisa utumishi niliwahi kuchelewesha barua za waliokosa nafasi kwa wiki mbili nzima, kwa uvivu tu. Mmoja wao alijulia ndani ya daladala, kutoka kwa aliyepata. Alikuja ofisini. Hakunitukana. Aliniuliza, "Hata meseji moja, mzee?" Sikuwa na jibu, na sijalipata mpaka leo.

Mpigie kabla ya Jumatano. Piga jioni, ukiwa umekaa mahali patulivu. Usimwandikie, wala usimrekodie sauti kwenye WhatsApp, maana hiyo ni njia ya kusema na kukimbia. Akipokea usianze na habari za foleni na mvua. Mwambie moja kwa moja: "Ile kazi niliipata mimi. Uliponiuliza walikuwa wameshanipigia, nikakudanganya kwa sababu niliona aibu. Nina wiki tatu kazini. Nisamehe." Halafu nyamaza umsikilize. Wengi huharibu hapo. Wanaanza kujitetea: mshahara wenyewe mdogo, ofisi yenyewe mbali, bosi wenyewe mkali. Mwenzio aliitaka kazi hiyo, alivaa nguo yake nzuri akaenda kuiomba. Usiidharau mbele yake ili kumfariji.

Anaweza kukata simu. Usimpigie mara sita. Mpe siku mbili, tatu, kisha mfuate kwao. Na usimwahidi kumwingiza ofisini kwenu, wiki tatu kazini huna mdomo huo. Unachoweza kumpa ni kile ulichokiona kwenye usaili wa kuongea: walikuuliza nini, walitikisa vichwa wapi. Hicho kina thamani kuliko pole.

Ukimaliza hilo, mengine yote uliyoniuliza yatakuwa mepesi. Nayajibu.

Mama kwanza. Kuhusu kijicho mimi sibishani na mtu wa Tanga. Lakini ndani ya neno hilo mama ameficha hesabu nzuri ambayo kaka yako hajaipiga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ilipoweka kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki, iliwaacha nje ya kinga hiyo wenye chini ya miezi sita kazini. Haina maana kwamba mwajiri anaweza kukuambia leo "kesho usije" na ikaishia hapo. Notisi ipo: siku 7 ukiwa bado ndani ya mwezi wa kwanza, siku 28 baada ya hapo kwa anayelipwa kwa mwezi. Ila wakikuachisha mwezi wa nne, kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kudai kwamba sababu yao haikuwa ya haki ni mlima kwako. Mama hajasoma sheria hiyo, lakini ameshaulizwa maswali sokoni, na hataki kuulizwa tena.

Kwa hiyo tenganisha majukwaa. Wanaokufuata LinkedIn ni watu wa kazi: mliosoma nao, mliofanya nao kazi bandarini, wakaguzi wa hesabu, maafisa ajira. Wenzake mama wa kikoba hawapo kule. Wapo kwenye status ya WhatsApp, na shangazi zako wapo kwenye grupu la familia. Tangaza LinkedIn, maneno machache. Status, Facebook na grupu la familia acha mpaka uthibitishwe. Mwonyeshe mama hivyo, mwambie, "Nimeandika kule kwa watu wa ofisini tu, huku kwetu sijaweka neno." Nadhani atakubali. Asipokubali, ni mama, endelea kumbembeleza.

Kuna faida nyingine ya kunyamaza huku nyumbani. Mtu akisoma "mhasibu" anapiga hesabu ya mshahara mzima. Haoni NSSF, haoni kodi ya mapato, na kama ulisoma kwa mkopo haoni asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo. (Bodi wenyewe wala hawahitaji tangazo lako. Mwajiri anatakiwa kuwapelekea jina lako ndani ya siku 28. Hao ndio ndugu wa kwanza kujua.) Utapata simu ya ada, ya kodi ya nyumba, ya mgonjwa, kabla hujapata mshahara wa pili. Mgonjwa msaidie. Lakini mwezi wa kwanza wa kazi baada ya ukame ndio mwezi ambao watu huingia mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali, ili waonekane wamepata. Nimewaona wengi wakija kaunta yangu kuomba mkopo wa mshahara kabla kitambulisho hakijatoka.

Kikombe sasa. Picha yako na jina lako ni taarifa zako binafsi, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayosema hivyo. Lakini usiende kwa dada wa HR na sheria mkononi kwa ajili ya kikombe cha chai. Utashinda hoja na kula chakula cha mchana peke yako. Yule dada hana nia mbaya. Kampuni inataka ionekane inaajiri na watu wana furaha. Kama hujamaliza na rafiki yako kufikia Jumatano, mwandikie hivi: "Dada, naomba kadi yangu isogezwe wiki moja, kuna mtu wa karibu nataka asikie kutoka kwangu kwanza." Sijawahi kukutana na afisa utumishi anayekataa ombi la namna hiyo. Kama umemaliza, acha wapige picha, mradi shingoni usivae kitambulisho cha kazi, maana namba na ile misimbo yake vinasomeka ukivuta picha. Tazama pia nyuma yako. Wahasibu mna tabia ya kupigwa picha mbele ya kompyuta iliyofunguliwa ankara za watu.

Na ile barua ya ajira yenye sahihi na mshahara isiingie kwenye picha yoyote, hata pembeni, hata ikiwa imekunjwa.

Kuhusu LinkedIn yenyewe, fremu ya kijani iondoe leo. Wiki tatu kazini na bado picha yako inasema unatafuta. Bosi wako akiiona atashangaa unatafuta nini. Kisha unapoongeza kazi mpya kwenye wasifu, kuna swichi inayouliza kama uwajulishe watu wako. Izime. Ukiiacha wazi, mtandao unaweza kukutangazia wenyewe kabla hujajiandaa, na ile sentensi ya "nina furaha kuwajulisha kuwa naanza kazi mpya" ni ya kwao, hukuwekea tayari ubonyeze tu. Ndiyo maana matangazo yote ya kazi duniani siku hizi yanafanana kama sare za shule. Swichi hiyo haifichi wasifu, mtu akiufungua ataona. Inazuia kengele tu.

Tangazo lako, mpwa wangu, nalo limevaa sare. Nikifuta jina lako na kuweka la dereva, daktari au mpishi, hakuna kitakachoharibika. Hakuna mahali linaposema unafanya nini, umetoka wapi, umejua nini. "Kujifunza, kukua na kuleta matokeo" hata mchicha unaweza kuandika.

"Walioniona sifai" futa. Najua unataka asome. Atasoma, na wengine mia mbili watasoma pia, nao hawamjui meneja wako. Watabaki wanajiuliza wewe ni mtu wa namna gani. Kupunguzwa kazi si kuonwa hufai. Kampuni ilipunguza watu, umesema mwenyewe. Na siku benki au mwajiri mwingine akitaka wadhamini, miezi yako kumi na moja ya uzoefu wa bandarini iko kwenye mdomo wa mtu huyohuyo. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Kibanda cha Mbagala kirudishe. Hapo ndipo nilipokasirika kidogo. Umeficha kazi ya uhasibu uliyoifanya miezi kumi na minne, ukaacha pengo ambalo kila msomaji atalijaza kwa mawazo yake. Wakala wa pesa anashika floti, yaani pesa iliyo kwenye simu, na keshi kwa wakati mmoja, anajua asubuhi floti itaisha saa ngapi, na jioni hesabu zisipokaa analipa mwenyewe. Wahasibu wangapi wa ofisini wanalipa wenyewe?

Andika kwa Kiswahili. Hospitali mnazozihudumia ziko hapa, wasambazaji wenu wako hapa, mama yako akitaka kusomewa atasomewa. Kama HR wanataka na Kiingereza, weka chini yake. Mimi ningeandika hivi, nawe ubadilishe useme kama unavyosema wewe:

"Nimeanza kazi ya mhasibu msaidizi katika kampuni inayosambaza vifaa vya hospitali. Kabla ya hapa nilikuwa kwenye kibanda cha uwakala wa pesa Mbagala kwa miezi kumi na minne, nikisimamia floti na kufunga hesabu kila jioni. Pale nilijifunza kwamba shilingi mia tano isiyoonekana hailali mpaka ipatikane. Nawashukuru wenzangu wa kampuni ya kwanza ya kutoa mizigo walionifundisha kusoma nyaraka za forodha, na dada yangu aliyeniamini na droo yake. Tangazo la nafasi hii nilitumiwa na rafiki yangu. Naye ni mhasibu makini na anatafuta kazi. Mwenye nafasi aniandikie, nitawaunganisha."

Sentensi tatu za mwisho, za rafiki, usiziweke mpaka yeye mwenyewe akubali, kwa mdomo wake. Akisema hataki kutangazwa, zifute bila kumuuliza mara mbili. Na roketi iache ipumzike.

Umeona pia sikuandika kwamba unashughulikia malipo? Nimefanya makusudi. Wote tunaijua ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", tunacheka, tunafuta. Kwa mhasibu mpya huja imevaa suti. Wezi wa mtandaoni wanasoma matangazo ya kazi mpya kama sisi tulivyokuwa tunasoma kurasa za michezo. Wanaona wewe ni mgeni, uko idara ya hesabu, sauti ya mkurugenzi hujaizoea na kukataa unaogopa. Ndani ya wiki chache unaweza kupata barua pepe yenye jina la mkurugenzi: yuko kwenye kikao, hawezi kupokea simu, kuna malipo ya haraka, usimwambie mtu kwanza. Au inatoka kwa msambazaji mnayemjua, na ankara halali kabisa, ila akaunti ya benki "imebadilika". Ukitazama vizuri, anwani ya barua pepe imetofautiana herufi moja.

Akaunti ya msambazaji ikibadilika, piga simu kwa namba iliyopo kwenye faili lenu la zamani, kamwe isiwe ile iliyo kwenye ujumbe uliokuja. Mkurugenzi akikuandikia malipo ya siri, nyanyuka kwenye kiti uende kwa mkuu wako wa idara, hata kama ujumbe umesema usiende. Hasa kama umesema usiende. Bosi wa kweli akikasirika kwa sababu umehakikisha, kasirikeni naye siku moja yaishe. Pesa ikishatoka benki, hasira zake hazitaisha ndani ya miezi yako sita ya majaribio.

Na watakuandikia pia wauza bima, wauza viwanja vya Kigamboni, na mtu mmoja uliyesoma naye kidato cha pili mwenye "fursa". Hao ni wa kawaida, wajibu kwa adabu au usiwajibu.

Kaka yako mwambie ana nusu ya ukweli. Watu wa kazi wakijua uko wapi, kesho mmoja atakukumbuka. Lakini wakubwa hawamjui mtu kwa kadi ya kikombe. Watakujua mwisho wa mwezi, hesabu za benki na za vitabu zikikaa sawa na jina lako likiwa chini ya karatasi.

Nisalimie sana mama. Mwambie mimi nipo upande wake kwa miezi sita, na siku barua ya kuthibitishwa ikitoka mchele nitachangia mimi, awaite tena walewale wa kikoba.